Kwenda Bunia Kushika Kamba ya Mupaka

Sikuondoka Mahagi juu ya kutembea. Mutu wa umri wangu hapandi gari kwa raha. Niliondoka juu Mama Veronika, ile anaishi mbele ya parsele yangu, kiwanja changu cha Mudzipela, kule Bunia, alinipigia simu siku ya mungu kisha misa. Akasema jirani mupya anataka kujenga ukuta kwenye mupaka wetu, na mupima-udongo wa serikali atakuja siku ya nne ya juma. Kama mwenye parsele hayuko, wataandika kwamba hakuja, na kamba ya kupima itapita bila yeye.

Kwenye mupaka ule ndiyo Muzee wangu, bwana yangu, analala. Nilimuzika mimi mwenyewe, asubuhi moja ya vita, juu njia ya makaburi ilikuwa imefungwa. Ukuta ukipita vibaya, utapita juu yake. Ni hiyo tu ilinifanya nifunge muzigo.

Watoto wangu wa kiume hawako karibu. Mumoja iko Kisangani, mwingine alifuata zahabu na hatujui kama anaishi. Binti yangu iko na mimba nzito. Basi nilienda peke yangu, na ninawaandikia nyinyi wa nyumba, musiseme kesho sikuwaambia.

Siku ya pili, saa kumi na mbili ya asubuhi, gari ikatoka. Tulikuwa watu saba, na hakuna aliyeniuliza jina. Kila mutu alishika simu yake ao rozari yake. Kisha kupita Ndrele tukasimama kungojea magari mengine, juu mahali kule, kwa sababu ya watu wa bunduki, gari haiende peke yake. Tulingojea paka jua likafika juu ya kichwa. Nilikula muhogo wangu nikiwa nimesimama, na maganda nikarudisha ndani ya mufuko, juu sikuona mwenye kuniambia nitupe wapi.

Kisha tukaingia Djugu. Njia hiyo ninaijua. Zamani ningesema: hapa ni kwa fulani, hapa walituuzia maharagi, hapa kulikuwa harusi. Sasa nyumba hazina paa, na mugomba umeangusha mukungu wake, umeoza bila mukataji. Nilimuomba dereva asimame kidogo kwenye chemuchemu ambako tulikuwa tunakunywa maji. Akasema, bila kugeuka, kama mutu anayeongea na bibi yake, "Koko, hapa hatusimame." Majina ya watu nikayasema ndani ya tumbo.

Jioni, Iga Barrière. Gari zikalala pale, na mama mumoja wa chai akanipa mukeka nyuma ya meza yake. Aliniuliza ninaenda Bunia kwa nani. Nikamujibu: kwa bwana yangu. Akauliza bwana anafanya kazi gani. Nikasema, "Analala." Alicheka sana, akasema hata bwana yake iko vile, wanaume wote ni wamoja. Nikamuacha acheke. Ni mutu wa kwanza aliyeongea na mimi tangu asubuhi.

Siku ya tatu, saa ine, tukafika Bunia. Dereva wa moto, ile pikipiki, aliniuliza Mudzipela upande gani. Nilimuambia: kwenye muparachichi mukubwa, kisha kinu ya Baba Tomasi. Akasema hakuna muparachichi, hakuna kinu, nimupe alama ya watu wanaoishi. Nikashuka kwenye soko na kuuliza kwa miguu.

Mama Veronika alinipokea vizuri. Alinipa maji ya kuoga, alinipa bugali na sombe, akanielezea wote waliokufa. Parsele yangu analimamo maharagi, kwa ruhusa yangu, juu nyumba iliungua, inabaki musingi tu. Nilikaa juu ya musingi ule, mahali palikuwa mulango. Upande wa kuume kuna ua wa miti, ile miti ya maziwa ambayo utomvu wake ukiingia mu jicho unalia siku mbili. Muzee aliupanda. Kaburi iko kando ya ua, upande wetu, inaisha hatua moja na nusu kutoka ua. Nikang'oa majani juu yake. Watoto wa njia walipita wakaniangalia kama mutu aliyepotea, na sikuwalaumu.

Siku ya nne, saa mbili, mupima-udongo akafika. Jina lake Bwana Longin, mutu mwembamba, kofia ya majani kichwani, chombo ya miguu mitatu begani. Jirani mupya akatoka pia: Baba Dezire, fundi wa magari, mikono myeusi ya mafuta. Alinisalimia kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwenye ua. Akasema ua ule umeingia kwake. Nikasema ua ule una umri kuliko weye. Akasema, "Koko, na ukoma una umri. Hatuuachie watu juu ya umri wake."

Bwana Longin akatunyamazisha kwa mukono. Alisema neno ambalo nilitaka mulisikie nyote:

"Mimi sigawe udongo. Udongo uligawiwa zamani. Kazi yangu ni kutafuta mahali watu wa zamani waliweka alama, na kusema nilichokiona. Alama za saruji ziko wapi?"

Za nyuma ziliko, mbili, zimefunikwa na majani, na ua haufiki kule. Za mbele, kwenye njia, hazikuwa. Wakati wa vita watu walizing'oa, wakafanya mafiga. Ile ya pembe yetu na Baba Dezire ndiyo ilitakiwa. Bwana Longin akasema: bila ile, na majirani hawasikilizane, ataandika kwamba kuna mabishano, na mambo yataenda kwa wakubwa.

Hapo nikafungua kinywa. Nikamueleza kwamba siku walipotupa parsele, mupima-udongo wa wakati ule, kabla ya kumwaga saruji, aliniomba chupa. Nilimupa ya bia, ile nilikuwa ninawekamo mafuta, na roho iliniuma. Aliiweka ndani ya shimo, kinywa chini, saruji juu. Alisema watu wenye roho mubaya wanang'oa jiwe, lakini hakuna anayekumbuka chupa.

Bwana Longin akavua kofia. Akasema aliisikia hiyo kazi kwa wazee wake wa masomo, lakini hajaiona hapa. Baba Dezire akasema, "Sasa tunatafuta mupaka ao tunatafuta bia?" Mama Veronika akacheka, mimi sikucheka. Nilijua ninashinda.

Nikawaonyesha: chimbeni hapa, kwenye mwisho wa ua. Baba Dezire akachimba mwenyewe, paka shimo likafika goti. Udongo mwekundu tu. Nikasema wachimbe mbele kidogo, upande wake. Hakuna. Jasho lilimutoka.

Bwana Longin akanipa mwanzo wa kamba, ile pete ya chuma, akaniambia niishike juu ya alama ya nyuma, nisitikisike. Nikaishika. Yeye akaenda na kamba paka kwenye njia, akaangalia ndani ya chombo, akaandika, akarudia mara tatu. Kisha akasimama ndani ya maharagi, upande wangu, hatua mbili kutoka ua. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapa."

Jembe likagonga kioo.

Nilikuja kwa miguu yangu. Sikutaka mutu anishike. Bwana Longin alikuwa amepiga magoti, ameitoa kwa vidole, ameifuta na kitambaa. Alinitazama. Akasema chupa yoyote inaweza kuwa ndani ya udongo wa Bunia, na mimi ndiye nilitoa ile ya zamani, kwa hiyo anataka kusikia kwangu. "Mama, hii ni yako?"

Nikaangalia kaburi. Kama chupa ni yangu, Muzee analala kwa jirani. Kama ninasema si yangu, mabishano yanaandikwa, ua unabaki, na nitakufa mbele wakubwa hawajafika. Hakuna mutu mwingine duniani aliyeijua chupa ile. Yule alikuwa anaijua ndiye yuko chini.

Kinywani ilikuwa imevunjika kidogo, mahali iliniumiza kidole zamani, nikimimina mafuta. Niliigusa.

"Ni yangu," nikasema. "Siye ndiyo tulikosea."

Na nikawaambia tulikosea namna gani, juu nililiona palepale. Miti ile haikai. Kila mwaka unakata matawi, unachomeka matawi yale nje ya ua ili uwe munene, ya ndani yanakauka, unayatoa kwa kuni. Miaka kumi na tano Muzee alifanya vile. Ua ulitembea, na siye nyuma yake. Hakuiba. Lakini udongo hauulize kama uliiba ao ulikosea.

Baba Dezire akageukia kaburi. Alijua kaburi iko pale, alikuwa anaiona kila siku, lakini alifikiri ni shida yangu. Sasa imekuwa yake. Akaniuliza kama ninataka kumuhamisha. Nikasema mutu anazikwa mara moja. Akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Basi ukuta utapita kwenye chupa, koko. Na yeye atabaki kwangu. Sitaweka hata gurudumu juu yake."

Nikamuambia maneno ya mudomo ninayashukuru, lakini weye pia utakufa. Nikamuuliza Bwana Longin kama anaweza kuliandika. Akasema hawezi kuandika ahadi, ile si kazi yake. Kazi yake ni kuchora kinachoonekana. Akapima kaburi, pembe ine, akachora kisanduku kidogo na musalaba ndani ya parsele ya Baba Dezire. Alisema mutu yeyote atakayenunua kesho ataiona kwenye karatasi, na ataulizwa. Tukatia sahihi watatu. Yangu ilichukua wakati, na walingojea.

Siku ya tano nikaaga Mama Veronika. Mbele ya kupanda moto nilitaka kumuona Muzee kwa mara ya mwisho. Baba Dezire alikuwa amekwisha kukata ua na kufunga kamba ya musingi. Nikasimama nje ya kamba ile kama mugeni, nikabisha. Muke wake akatoka na mutoto mugongoni, hakunijua, akaniuliza ninamutafuta nani. Nikamuonyesha kwa kidole. Akanifungulia njia.

Kisha nikarudi Mahagi kwa njia ileile.

Kwa hiyo mulijue hili. Parsele ya Mudzipela iko na karatasi sasa, na pembe yake na Baba Dezire inajulikana. Hakuna mutu atawatoa pale kama siye wenyewe hatuongope. Upana wake umepungua hatua mbili. Na babu yenu hayuko tena kwetu. Mukienda kumuona, musipite kwenye maharagi na kuruka ukuta kama wezi. Mupite kwenye njia kubwa, mubishe hodi kwa Baba Dezire, mungojee paka mufunguliwe.