Debe Nililompigia Kiboko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo najishika kifua na kushusha pumzi.

Nilikuwa kijana mchimbaji, nimetoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Geita. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba, nikawa nampeleka kisiwani kwa mama yake akajifungulie huko. Asubuhi tukapanda mtumbwi wa tanga wa Mzee Masanja. Mama yako alimwamkia shikamoo. Mimi nilimuuliza kama anajua kuendesha. Unaona nilivyokuwa!

Katikati ya safari mzee akashusha tanga ghafla. Mbele yetu palikuwa na masikio mawili na mgongo mweusi. Kiboko.

"Kimya," akasema taratibu. "Tumpishe mwenyewe."

Sasa, duarani kimya ni msiba. Mwenzako aliye chini asiposikika, unagonga mbao, unaita jina lake mpaka aitike. Mazoea hayo nilikuja nayo ziwani. Nikashika debe la kutolea maji mtumbwini, nikaligonga kwa nguvu zangu zote huku nikipiga mayowe, eti nimfukuze.

Kiboko akageuka, akaja upande wetu, kisha akazama. Maji yakatulia. Mama yako akakumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Mzee akaninyang'anya debe. "Wewe nyanda, kijana wewe, hapa si duarani! Huyu hajafukiwa na kifusi. Yuko kwake."

Kiboko akaibuka ubavuni petu, karibu mno, hata pumzi yake ikanilowesha uso. Akatutazama. Mwanangu, mimi niliyekuwa napasua mwamba kwa nyundo nilijiona si kitu kabisa. Niliomba tu moyoni atuache. Akapumua tena, akazama, na tulipomwona tena alikuwa mbali, anakwenda zake.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kaptula yangu ilikuwa imelowa, na sitakudanganya kwamba yalikuwa maji ya ziwa. Mama yako ananitania mpaka leo. Tulipofika kisiwani, nilimwamkia Mzee Masanja shikamoo.

"Marahaba," akaitikia. "Ungeanza nayo asubuhi."

Kesho unahama hapa Katoro kwenda kufanya kazi ziwani, ndiyo maana nakusimulia. Usiende na mazoea ya huku. Ukifika pasipo kwako, amkia kwanza, halafu uliza wenyeji wanafanyaje. Ukiambiwa nyamaza, nyamaza, hata kama hujui sababu. Na ukikutana na kikubwa kuliko wewe, kipishe, wala usione aibu.

Mimba ile ilikuwa wewe. Mungu akutangulie, na kila maji utakayovuka yakurudishe kwetu mzima, kama yalivyokuvusha salama siku ile ukiwa bado tumboni.