Wimbo wa Hatua ya Maji

Mkewe Fundi Waya alikuwa na miaka kumi na sita ya kunyoosha mashuka. Chumba cha kufulia cha hoteli aliyofanyia kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na katikati yake ilikaa mashine ya kunyooshea, ndefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa. Wanawake wawili walilisha shuka lenye maji upande huu, wawili wakalipokea upande wa pili likiwa kavu na linaunguza. Yeye alikuwa wa upande wa kupokea. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota sugu, na wenzake walimtania kwamba siku akiiba polisi watahangaika, maana hana alama za vidole.

Mumewe alitengeneza simu na televisheni kwenye kibanda sokoni. Jina la Fundi Waya alipewa kwa sababu hakuwahi kutupa waya hata mmoja. Chini ya kitanda chao kulikuwa na maboksi matano ya waya. Hakuwa mlevi, wala si mtu wa kuzurura. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: gemu. Na si gemu zote, bali moja ya zamani aliyoipenda tangu ujana, ya mtu anayeshuka kisimani na taa mkononi. Kila jioni baada ya kula alikaa mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni zake kubwa, na hapo hata nyumba ingeungua asingejua.

"Mtu mzima na mvi zako," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Sichezi, bosi wangu. Nasikiliza muziki."

Bosi wangu ndilo jina alilomwita tangu wakiwa wachumba. Habari ya kusikiliza muziki mkewe aliiona kisingizio cha mvivu, akaipuuza.

Asubuhi moja ya Jumatano Fundi Waya alianguka benchini kwake akiwa anafungua simu ya mteja. Ilikuwa kiharusi. Kiliuchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Alilala hospitali wiki tatu, na wiki ya kwanza daktari aliwaita ndugu pembeni akawaambia wajiandae kwa lolote. Ni katika siku hizo ambapo dada wa mgonjwa, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, alikuja kumsaidia wifi yake kufanya usafi nyumbani, akaiona kompyuta imekaa. Ya dukani kwake ilikuwa imekufa. Akaomba.

"Chukua tu, wifi," mke akasema, akili yake ikiwa wodini. "Mna takataka zake za gemu humo. Zifute."

Fundi Waya hakufa. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba, mdomo umeenda upande, na neno moja tu lililobaki, ambalo si neno: "ta." Akitaka maji ni ta. Akitaka chooni ni ta. Akikasirika ni ta, ta, ta, huku akipiga mkono wa kushoto kwenye kiti. Siku ya kwanza alipoingia chumbani alitazama meza tupu muda mrefu. Mkewe alidhani anatafuta hedifoni, akamletea. Hakuzipokea.

Kila Jumanne alikuja dada mmoja wa mazoezi ya kusema, aliyetumwa na hospitali. Alimwonyesha picha za kikombe, kiatu, ndoo. Ta, ta, ta. Wiki ya saba, mkewe akiwa anamwogesha, Fundi Waya alianza kuvumisha wimbo puani. Hakukosea hata kidogo. Ulipanda, ukashuka, ukazunguka. Mkewe aliacha sabuni ikamtiririka mgonjwa machoni.

"Hiyo ni dalili nzuri," dada wa mazoezi alisema aliposikia. "Maneno na nyimbo havikai chumba kimoja kichwani. Wapo walioanza kwa kuimba, maneno yakafuata nyuma. Utafute wimbo huo, mama. Akiupata wote, tutaweka maneno juu yake."

Mke akapiga moyo konde. Alipomwogesha tena aliurekodi mvumo ule kwa simu, akaupeleka sokoni kwa fundi jirani wa mumewe, mzee aliyeuza chaja na betri. Yule mzee hakusikiliza hata nusu.

"Shemeji, huu ni wa hatua ya maji. Yule mtu wa taa akifika chini kabisa kisimani, anaogelea. Huu ndio unaopigwa. Mumeo alinichosha nao miaka yote."

Akamfungulia mtandaoni. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, wa milio midogo kama ya kengele ya baiskeli, ukijirudia. Lakini chini yake kulikuwa na kitu ambacho mke hakuwahi kukifikiria: watu walioipenda gemu ile, walio kila pembe ya dunia, waliuchukua wimbo huo wakaufanyia remiksi zao. Mmoja aliupiga kwa gitaa. Mwingine kwa filimbi. Mwingine aliuwekea ngoma nzito mpaka ukawa wa kuchezea harusini. Zilikuwa mia moja na kumi na tatu.

"Watu hawa hawana kazi?" mke akauliza.

"Wanazo, kama mumeo," yule mzee akajibu.

Akamwekea zote kwenye simu. Tangu siku hiyo, akitoka kwenye mashuka alipika, akamlisha mumewe, kisha akakaa naye kusikiliza remiksi tatu, nne. Alikuwa na daftari. Majina ya nyimbo aliyanakili herufi kwa herufi, kwa kuwa lugha yake hakuijua, na mbele ya kila moja aliandika alivyofanya mgonjwa. Akatikisa kichwa. Akatikisa kichwa. Akalala. Akatikisa kichwa. Wimbo wa asili ndio uliomwamsha macho. Aliufuata puani mpaka mwisho, na pale ulipoanza kujirudia yeye hakurudi nao. Aliendelea mbele, akaingia kwenye kipande kingine, cha polepole, kizuri kuliko cha kwanza. Kisha akanyamaza, akamtazama mkewe na kusubiri. Ta, akasema. Ta.

Kipande hicho hakikuwamo katika remiksi yoyote. Zilipokwisha mia moja na kumi na tatu, alirudi kwa yule mzee wa chaja. Mzee alisoma maoni ya wasikilizaji mmoja mmoja, akashuka chini mpaka ya miaka mitano nyuma, akasimama.

"Shemeji, huyu ni yeye." Akamsomea akimtafsiria. Aliyejiita Fundi Waya aliandika kwamba kwa miaka tisa anatengeneza remiksi yake. Kwamba hatua ya maji ilimalizwa kwa haraka na yeye ameitungia nusu ya pili. Kwamba akiikamilisha ataileta. Chini yake wageni walimuuliza mwaka hadi mwaka: Fundi, iko wapi?

"Iko kwenye kompyuta," mzee akasema kwa furaha. "Nenda kaichukue."

Alikwenda dukani kwa wifi yake moja kwa moja, na sare ya kazi mwilini. Wifi alikuwa akichapa barua ya mteja kwenye kompyuta ileile. Mke akaeleza. Wifi akamaliza mstari, akaondoa mikono.

"Nilimwita mtu akaisafisha yote, wifi, akaanza upya. Ilikuwa nzito, haifunguki."

"Yote?"

"Uliniambia mwenyewe nifute."

"Nilikuambia."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mteja alisimama na bahasha yake, hajui aende au abaki. Walimtafuta aliyeisafisha, alijaribu kurudisha mafaili siku mbili, akapata picha ya paspoti ya mtu wasiyemjua na nusu ya barua ya kuomba kazi. Maji yakimwagika hayazoleki. Wifi alilia zaidi ya mke. Mke alimtengenezea chai.

Lilibaki tumaini moja, kichwa cha mgonjwa mwenyewe. Walimleta mpiga kinanda wa harusini, mwanamume mpole, akaweka kinanda mbele ya kiti. Fundi Waya alivumisha, naye akamfuata. Siku ya kwanza alikamata sauti saba za kipande kile cha pili, na mgonjwa alicheka upande mmoja wa uso, kicheko cha kwanza tangu aanguke. Siku ya pili mpiga kinanda alikosea moja, mgonjwa akapiga kiti. Wakarudia. Akakosea tena, wakarudia. Wiki ya tatu, mke akiwa mlangoni na kikapu cha nguo, alisikia mumewe akivumisha peke yake, na kipande cha pili kilikuwa kimegeuka. Alikuwa akivumisha kosa la mpiga kinanda. Baada yake akaingiza mkia wa remiksi ya filimbi, kisha kitu cha yule wa gitaa. Alisita, akaanza upya, akapotea palepale. Ta, akasema taratibu.

Mke alitafuta ule mvumo aliourekodi bafuni mwanzo. Ulikuwa wa kipande cha kwanza tu; aliukata kabla ya kingine kuanza, kwa kuwa maji yalikuwa yakipoa.

Alimwambia mpiga kinanda asirudi. Usiku ule na siku zilizofuata alizima simu, nyumba ikawa kimya, akitumaini kimya kitamrudishia mumewe alichonyang'anywa na nyimbo mia na ushee za watu. Hakikurudi. Mwezi uliofuata alivumisha kidogo asubuhi, kisha mara moja kwa wiki, kisha akaacha. Dada wa mazoezi alihamishiwa mji mwingine, na aliyekuja badala yake alikuja mara mbili.

"Unanilaumu?" wifi alimuuliza Jumapili moja, alipokuja kumnyoa kaka yake.

"Nilimwona miaka ishirini amekaa pale," mke akasema. "Sikuwahi hata mara moja kumwambia anivalishe zile hedifoni nisikie."

Wifi alilowesha wembe, akaendelea na shavu la upande uliokufa, akiivuta ngozi kwa kidole.

Fundi Waya aliishi miaka minne zaidi. Mkewe alikuwa akimvalisha asubuhi, akimweka karibu na dirisha, na kwenda kupokea mashuka. Akirudi alimkuta vilevile. Mwaka wa mwisho hata ile ta ilikoma.