Hoteli Haikuwa na Mapokezi, na Mimi Kumbe Nilishasomewa Hitma

Admin, naomba unifichie jina, mji wetu mdogo. Nina miaka thelathini na nane, ni fundi cherehani hapa Newala, na nina mtoto mmoja, Shani, wa miaka kumi na mitatu. Nguo za watu zimenijazania hapa na sijashona hata moja wiki nzima.

Miaka minne iliyopita mume wangu alipata kazi Uarabuni. Mtaa mzima tulimsindikiza stendi kwa dufu. Baadaye akanitumia picha amevaa suti, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli unaong'aa, jina la hoteli limeandikwa ukutani nyuma yake. Akasema yeye ndiye mkuu wa mapokezi. Picha ile niliitia fremu. Kila Ijumaa alinipigia kwa mtandao, sauti tu. Video alisema kazini wanakataza. Mama yake, ambaye macho yamefifia, nilimleta kwangu. Nilimpikia, nilimwogesha, na kila mwezi nilimpandisha basi la Masasi kwenda kliniki ya macho. Alisema dada yake anampokea huko.

Mwaka huu nilikwenda na mwenzangu, Mama Zuhura, kufuata vitambaa huko huko Uarabuni. Zamani mama yangu alipanga foleni duka la ushirika kwa ajili ya khanga moja. Leo sisi tunapanda ndege kuchagua majora. Mume wangu sikumwambia. Nilitaka nimtokee ghafla nimwambie, "Kaka, naomba chumba." Mama Zuhura alifikia kwa ndugu yake, mimi nikachukua chumba kwenye hoteli ile ya kwenye picha.

Jamani, ile hoteli! Nje ni jangwa, joto linachoma mpaka kope. Ndani kuna ubaridi, harufu ya udi na viti vya rangi ya asali. Lakini watu hakuna. Kuna mashine tu ukutani: unaweka pasipoti, inakupiga picha, inakutolea kadi, unakwenda chumbani mwenyewe. Nilizunguka ukumbi ule mara tatu na begi langu natafuta meza ya mapokezi. Mwisho nikamwona dada mmoja wa Mombasa anafuta vioo.

"Samahani dada, mapokezi ni wapi?"

"Hapa hakuna mapokezi, dadangu. Tangu ifunguliwe ni hizo mashine. Watu ni sisi wa usafi tu."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akafurahi kweli kweli. "Huyu si yule wa Newala? Tulipiga deki naye hapa! Hiyo suti aliazima. Lakini alirudi kwao zamani, hata mwaka hakumaliza. Hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikakaa kwenye kiti, nikampigia.

"Uko wapi, Baba Shani?"

"Niko kazini mke wangu, hapa mapokezi. Wageni wamejaa, nitakupigia."

Ukumbi mzima nilikuwa mimi na yule dada na ndoo yake. Halafu nikasikia kwenye simu sauti ya mwanamke: "Baba Rajabu, ugali unapoa!" Ikakatika.

Nilipanda chumbani. Taa ziliwaka zenyewe, kitanda kama cha bibi harusi, dirisha kutoka juu mpaka sakafuni. Siku mbili sikutoka. Sikula. Hoteli haina mtu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza una nini.

Niliporudi Newala nilimkuta mama mkwe anachambua mchicha kwa kupapasa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza, "Mama, Baba Rajabu ni nani?"

Mikono ikasimama. "Mwanangu, aliniapisha."

"Yuko wapi?"

"Lisekese."

Lisekese, hapo Masasi! Na kliniki ya macho hakuwahi kwenda. Alikuwa anakwenda kwa mwanawe.

Kesho yake nikapanda basi, kisha bodaboda. Nilipokewa na binti mdogo, mpole, mtoto mgongoni. Akanitandikia mkeka. "Karibu dada, unatokea wapi?"

"Newala. Mimi ni Mama Shani."

Akarudi nyuma. "Mama Shani si marehemu? Tulimsomea hitma hapa hapa uani. Mama mkwe alikuwepo."

Mume wangu akatoka ndani na kanzu ya kushindia. Hakunisalimia. Akasema, "Nilirudi mikono mitupu. Mlinisindikiza kwa dufu, ningeshukaje stendi ile ile? Nikasema nikae Masasi wiki moja kwanza."

"Na hitma?"

"Baba yake alikataa binti yake awe mke wa pili."

"Ndiyo ukaniua?"

Yule binti ndiye aliyelia. Mimi machozi yalikataa. Nilichofikiria njia nzima ni kwamba mama mkwe alikaa kwenye jamvi lile, akala pilau ya hitma yangu, akapanda basi, akarudi nyumbani nikampokea mkoba na kumchemshia maji ya kuoga.

Talaka nitaidai, hilo sihitaji ushauri. Shida yangu ni huyu mama. Siku ile ile niliyorudi kutoka Lisekese alifunga nguo zake kwenye khanga, na kila asubuhi anakaa nazo kizingitini akisubiri nimwambie aondoke. Mwanawe simu hapokei tena. Dada yake wa Masasi kumbe alishafariki siku nyingi. Shani hajui lolote. Anamshika bibi yake mkono, anamrudisha ndani, anamlisha uji. Jana mama aliniita, "Mwanangu," nikashindwa kuitikia, lakini miguu ikaenda kumwekea maji.

Ndugu zangu, nimpeleke Lisekese nikamwache mlangoni kwa mwanawe, au nikae na mtu aliyenililia nikiwa hai? Niambieni nifanye nini. Leo pia amekaa pale mlangoni.