Sifa za Alfajiri

Mama Cherehani alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, na tangu mwanawe aoe, mdomo huo ulikuwa na kazi moja tu: kumsifia mkwe. Kila mteja aliyefika kibarazani kupimwa sare za shule alipewa habari hata kama hakuuliza. "Mimi nimepata mtoto, si mkwe! Mimba yote ile, lakini nikiamka nakuta uwanja umefagiwa, nguo zimeanikwa, chai iko mezani. Wa kwenu wanalala mpaka jua liwachome!"

Mkwe mwenyewe, amekaa mkekani anashona vifungo, alitabasamu kidogo na kuinamisha kichwa. Mama Cherehani akaona hiyo ni adabu. Adabu, jamani! Laiti angeyatazama yale macho.

Binti wa watu alikuwa hapati usingizi. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini muda wote, naye binti alijigeuza kitandani mpaka akachoka kujigeuza, moyo mzito bila sababu aliyoweza kuitaja. Akaona heri ashike ufagio kuliko kulitazama dari. Asubuhi moja akajikaza, akasema, "Mama, usingizi sipati. Na kilio kinanijia tu hivi hivi."

Mama Cherehani akatoa pini mdomoni, akacheka. "Mimba hiyo! Sisi tulishikwa na uchungu tukiwa kwenye cherehani. Usinidekee bwana, nimeshakusifia mtaa mzima."

Binti akarudi kwenye vifungo vyake. Kesho yake akafagia mapema zaidi.

Kliniki, muuguzi alimuuliza binti kama analala vizuri. Mama Cherehani akadakia, "Huyu? Huyu ni chuma!"

"Mama, nimemuuliza yeye. Hebu subiri nje."

Akiwa kwenye benchi alisikia kilio nyuma ya mlango, kilio ambacho hakijawahi kusikika nyumbani kwake. Baadaye muuguzi akamweleza taratibu kwamba hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni, wajawazito wengi huupata na unatibika, ila kukosa usingizi huuzidisha.

"Sasa kwa nini hakusema?" Mama Cherehani akafoka. Hata kabla ya kujibiwa akakumbuka kwamba binti alisema. Akatamani benchi limmeze.

Binti akaenda kwa mama yake mzazi, akatibiwa, akajifungua salama. Kibarazani cherehani ikabaki kusema peke yake. Wateja wakiuliza habari za mkwe, Mama Cherehani alijibu, "Analala," na kuomba moyoni iwe kweli. Alijuta, tena sana. Alijiapiza kwamba binti akirudi, atalala mpaka achoke mwenyewe.

Akarudi, mtoto mgongoni. Alfajiri ya kwanza Mama Cherehani aliamka yeye, akanyata, akachukua ufagio ili mkwe akiamka akute kazi imekwisha. Hakufika hata katikati ya uwanja. Mlango ukafunguliwa, binti akatoka mbio akijifunga shuka, macho mekundu.

"Nisamehe mama, leo nimechelewa. Nipe mimi."

"Rudi ukalale, mwanangu. Nakuomba."

"Nipe tu, mama. Watu watasemaje?"

Mama Cherehani, yeye na mdomo wake wote, akaukumbatia ufagio kifuani asinyang'anywe. Binti alipoona hapewi, akainama, akaanza kuokota majani kwa mikono.