Noti Nzima ya Mama

Mama alipozikwa Kenya, mimi nilikuwa Sundbyberg, Uswidi, nikitazama theluji dirishani, pasipoti yangu ingali ofisini ikisubiri kufanywa upya. Siku kumi zikapita bila chozi. Niliona aibu. Mtoto gani huyu asiyemlilia mamake?

Wenzangu wa kwaya, Wakenya na Warundi, wakaandaa ibada ya kumkumbuka katika ukumbi wa kanisa huko Rinkeby. Nikasema nitaimba wimbo aliojitungia mama wa kuniita kula, nilipochelewa kurudi kutoka kucheza. Uliishia kwa neno "njoo", nalo alilikata fyu, maana subira hakuwa nayo. Mpiga piano wetu, Mmarekani aliyeoa Mswidi, alikuja kwangu kuuandika. Nilimwimbia jikoni macho nimefumba, na kwa kitambo nikanusa maharagwe ya kwetu.

"Hii ya mwisho ni noti nzima?" akaniuliza kwa Kiingereza chake.

"Nzima," nikamjibu.

Kuuliza si ujinga, lakini mimi na kiburi changu sikuuliza. Shuleni Kenya tulifundishwa noti za muziki kwa majina ya Waingereza: semibrevu, minimu, krocheti. Krocheti ilikuwa pigo moja, basi nikadhani hiyo ndiyo noti nzima ya Wamarekani. Kumbe wao krocheti huiita robo. Noti nzima kwao ni semibrevu, mapigo manne!

Siku ya ibada mchana ulikuwa mweupe, watu wametulia, nami niliimba kama niliye usingizini. Nilipofika "njoo" nikalikata kama mama, nikafunga mdomo.

Piano haikunyamaza. Wala binti yangu hakunyamaza. Yeye hunijibu Kiswidi hata nikimsalimu, na shuleni kwao noti huhesabiwa hivyo hivyo kwa nzima, nusu na robo. Alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi mkononi, akiniitikia kila mwisho wa mstari, na aliimba kilichoandikwa. "Njoo" yake ikaendelea bila mimi, nyembamba, imenyooka.

Nilitaka kugeuka nimkanye. Pigo la pili likapita, nikaiona kanga ya mama mlangoni. La tatu, mlango ukawa mtupu. La nne likanikuta nimepiga magoti sakafuni, nalia kwa sauti mbele za watu, maana mama aliniita nami sikwenda.