Skrini ya Bi Saumu na Kadi Iliyotembea kwa Miguu

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana nikiikumbuka siku ile mpaka leo masikio yananiwaka moto, na watu wa Ukunda wenye kumbukumbu ndefu (nao ni wengi, haki ya Mungu) wakinikuta sokoni bado huniuliza, "Mwende, hujambo? Na leo umezima nini?"

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa katika majaribio kwenye duka la Bi Saumu la kupiga chapa. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kubonyeza kila kitu mpaka kinijibu. Nyumbani kwetu ni Shimba Hills, kwa wale Wakamba waliopewa mashamba, na baba alikuwa ameshaniambia kwamba nisipopata kazi ya kueleweka nirudi tupalilie mahindi. Bi Saumu naye aliniambia kwa upole wake, "Kuna kadi za harusi ya binti wa Msambweni. Jamaa zake wakiridhika, kazi ni yako. Wasiporidhika, mwanangu, tutaagana kwa wema."

Sasa, Bi Saumu alikuwa amepata skrini mpya, ile nyembamba, bapa, aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa Diani aliyefunga nyumba akarudi kwao. Ukunda nzima haikuwa imeona kitu kama kile, watu waliingia dukani bila haja yoyote, wakainama nyuma yake kutafuta mgongo wa televisheni umekwenda wapi. Akaiweka mezani ikiwatazama wateja, nami nimekaa upande wao, ili waone kazi yao inavyotengenezwa. Tatizo lilikuwa moja: maandishi yake yalikuwa na ukungu, kama unayasoma kupitia mvuke wa sufuria, na katika neno moja utakuta herufi moja nene na jirani yake imekonda kama imeugua. Wateja wote walisema ni nzuri, masha'Allah. Mimi ilinikera kama mchanga ndani ya kiatu.

Asubuhi ya kadi walikuja wanawake wawili. Wa kwanza ni Shangazi Mwanakombo wa Msambweni, dada wa marehemu baba yake bibi harusi. Wa pili ni Mama Mkubwa Nuru wa hapa hapa Ukunda, dada wa marehemu mama yake, ambaye ndiye aliyemlea yule binti tangu alipofiwa na wazazi. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitika "Marahaba" kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana kwa saa nyingi. Swali lilikuwa jina la nani litangulie kwenye kadi. Damu ya baba au mkono uliolea? Walibishana kwa adabu kubwa (na hapa pwani adabu ikizidi, jua watu wamekasirika), kila mmoja akimwita mwenzake "wifi yangu kipenzi" kwa sauti ya kukata kucha, mpaka karibu na adhuhuri wakapatana: majina mstari mmoja, ubavu kwa ubavu, herufi za kimo kimoja, asiwepo wa juu wala wa chini. Nikaandika. Nikapima nafasi mara nyingi kuliko inavyopasa. Ilikuwa imebaki kuchapa tu, maana baada ya swala walikuwa wazipeleke kadi nyumba kwa nyumba.

Mama Mkubwa Nuru akakodoa macho kwenye skrini. "Mbona jina langu limekonda, na la wifi limenenepa?"

"Labda ndivyo tulivyo," akasema Shangazi Mwanakombo.

Mnaona? Mtu mwenye akili angechapa karatasi moja, akawaonyesha kwamba majina yako sawasawa, mambo yakaisha. Mimi nikasema, "Subirini kidogo, akina mama, nairekebisha skrini."

Kidogo!

Nilikuwa nimesoma kijitabu cha ile skrini mpaka kikalegea. Skrini bapa ina vitone vyake vya kuzaliwa navyo, hesabu maalumu, haipungui wala haizidi, na kompyuta ikiipelekea picha ya vitone vichache, skrini huivuta picha hiyo ienee, na katika kuvutwa huko herufi nyingine hupata kitone cha ziada na nyingine hukosa. Ndio unene na wembamba ule. Kwa hiyo nikaipa kompyuta hesabu kamili. Papo hapo majina yakawa sawa! Ila yakawa madogo, na yakawa yanatetemeka pembeni kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Sasa tumekonda sote," akasema Mama Mkubwa Nuru. "Afadhali."

"Na twatetemeka," akasema Shangazi. "Mimi sina homa."

Kutetemeka nako nilijua dawa yake. Kulikuwa na kitufe cha skrini kujirekebisha yenyewe, mtu anabonyeza mara moja anaendelea na chai yake. Lakini mimi siamini kitu kinachojirekebisha chenyewe (mimi mwenyewe najirekebisha kila siku na mnaniona). Nilitaka kwa mkono. Kipimo kizuri kuliko vyote, nilichokigundua mwenyewe nikajiona bingwa, ni hiki: ukiiambia kompyuta ijizime, kwanza inakuuliza kama una hakika, na wakati inauliza hutandaza wavu wa vitone vyeusi skrini nzima. Wavu ule ukitulia bila mawimbi, basi na maandishi yatakuwa makali. Kwa hiyo nikaiambia ijizime, nikaliacha swali pale likiningoja, nikaanza kubonyeza vitufe vya skrini.

Na hapa kuna aibu ndani ya aibu: kadi sikuwa nimeihifadhi. Nina ugonjwa wa kutopenda kuhifadhi kitu ambacho hakijakamilika, naona kama kulaza mtoto bila kumwogesha.

Nikabonyeza. Mawimbi yakapungua. Nikabonyeza tena, picha nzima ikaanza kuhama upande wa kulia, kidogo kidogo.

"Ehe! Karatasi yenda wapi hiyo?" Shangazi Mwanakombo akasimama.

"Yenda Msambweni," akajibu Mama Mkubwa Nuru. "Si ndiko mlikotaka harusi iende?"

Watu waliokuwa barazani wakaingia kutazama. Nikabonyeza upande wa pili, picha ikarudi kwa kasi ikapitiliza, nusu yake ikazama ukingoni. Jasho likaniingia machoni. Kutoka chumba cha nyuma nikasikia sauti ya Bi Saumu, "Mwende, wageni wameridhika?" nami kwa kihoro nikataka kuuondoa ule wavu haraka, na badala ya kughairi, kidole changu kikapiga kitufe kikubwa cha kukubali.

Kikaja kisanduku cha pili, kidogo, nusu yake imeshafichwa ukingoni. Sikuona kilichokuwa kinauliza. Niliona jibu moja tu, la "hapana", nikajiambia naam, hapana, usizime, nakuomba usizime, nikalibonyeza kwa moyo wangu wote. Kumbe kilikuwa kinauliza kama nataka kuhifadhi kadi.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu katikati yakatokea maneno ya rangi ya chungwa kwamba sasa ni salama kuizima kompyuta. Na maneno yale, ndugu zangu, yalikuwa makubwa na yalisomeka hadi barabarani.

Bi Saumu alitoka na sinia la chai akakuta duka zima linayasoma. Aliweka sinia, akaiwasha mashine upya, akabonyeza kile kitufe cha kujirekebisha ("Mwenye nayo aliniambia, ikinichezea nibonyeze hapa"), picha ikatikisika mara moja ikakaa. Ukingo kwa ukingo. Kali kama wembe. Sijawahi kuona skrini ambayo maandishi yangekaa vizuri namna ile, sema hapakuwa na maandishi.

"Andika tena," akasema.

Nikaweka vidole, na Shangazi akasema, "Tuanze na jina langu, kama tulivyokubaliana." Mama Mkubwa akasema, "Tulikubaliana lini hayo?" Na ugomvi wote wa asubuhi ukafufuka, ukiwa umepumzika na kupata nguvu mpya. Adhana ikaadhiniwa. Kadi hakuna.

"Basi," akasema Mama Mkubwa Nuru, akijifunga leso. "Mimi harusi yangu watu walialikwa kwa mdomo, na wakaja wakamaliza pilau. Tutaalika kwa mdomo. Na huyu aliyezima, anakuja nasi. Yeye ndiye kadi."

Bi Saumu alinitazama mara moja, akaelekeza kidevu mlangoni. Nikavishwa leso, binti wa Kikamba wa Shimba Hills, nikatembezwa Ukunda nzima mchana, nikibisha hodi mlango kwa mlango na kukariri kadi. Kila nyumba ilikuwa na shida ile ile, maana mdomo hauna ubavu kwa ubavu. Nikianza na Msambweni, nafinywa kulia. Nikianza na Ukunda, nafinywa kushoto. Tulipofika Tiwi, mji wa jirani, walikuwa wamechoka kunifinya, wakaamua kila mmoja ataje jina lake mwenyewe, na wakataja wote wawili kwa pamoja, kwa sauti kubwa.

Mwenye nyumba akatutazama. "Sijasikia kitu. Nani anaalika?"

Wakarudia, vile vile, kwa pamoja. Ukungu mtupu, kama skrini ile ile. Na mimi, ambaye siwezi kuona ukungu nikanyamaza hata nikiwa nimeshafukuzwa kazi kwa hesabu zangu mwenyewe, nikasema, "Mama zake bibi harusi."

Wakanigeukia.

"Mama zake wote wawili wanakualika."

Shangazi Mwanakombo akavuta leso akafuta uso, akasema taratibu, "Hayo ndiyo ungeandika tangu asubuhi." Mama Mkubwa Nuru akacheka mpaka akamshika mwenzake bega, na kuanzia nyumba ile hakuna aliyenifinya.

Kazi nilipata. Mama Mkubwa mwenyewe alimwambia Bi Saumu, "Mchukue huyu, lakini hicho kioo kigeuze kitazame ukuta." Tangu siku hiyo nahifadhi kila mstari, hata ukiwa mchafu, na mteja akiona ukungu namchapia karatasi. Na kompyuta siiambii ijizime mpaka duka limefungwa, wateja wameondoka, na Bi Saumu amesema kwa kinywa chake mwenyewe, "Haya Mwende, sasa zima."