Ng'ombe wa Hadithi Tatu

Miaka ile ya themanini video Karatu ilikuwa moja, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya chai. Mchana mwenye hoteli alitundika mablanketi madirishani, jenereta ikanguruma uani, na mchumba wangu akasimama kando ya televisheni kutufasiria Kiingereza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wakulima wa hapo hapo, mwepesi wa ulimi kuliko nilivyopenda. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati, binti wa wafugaji wa Malambo.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Baba alikuja kuuza ng'ombe, na alikuja pia kumtazama huyo kijana kabla ya kujibu posa yake. Mimi nilitaka wakutane kwenye chai. Mchumba akaona heri mzee amwone kwenye sinema, akifasiri mbele za watu. Nilimwambia huo ni ujinga. Hakunisikia.

Mkanda wenyewe ulikuwa hadithi tatu za kutisha na kuchekesha zilizounganishwa, na waliotengeneza walikuwa hohehahe. Mzimu ulikuwa shuka jeupe lenye raba chini. Jitu lilikuwa na zipu mgongoni. Vijana walicheka hadi wakakohoa. Mama mmoja wa kwaya hakucheka hata kidogo, alilalamika kwamba mzimu unakanyaga maharage ya watu na hakuna anayeufukuza. Wakulima wenzake wakamuunga mkono.

Baba alitazama kimya, fimbo katikati ya magoti. Katika hadithi ya kwanza mchawi alimuua mkulima pamoja na ng'ombe wake, mweusi mwenye baka jeupe begani, pembe moja imeinamia jicho. Ikaja ya pili, ya daktari mwendawazimu, na nje ya nyumba ya daktari ng'ombe huyo huyo alikuwa akila majani.

Baba akasimama.

"Ero," alimwita mchumba wangu, kama wazee wa kwetu wanavyowaita vijana, "huyu ng'ombe ni wa yule marehemu. Tena alishakufa."

Mtu mwenye akili angesema hii ni hadithi nyingine. Mchumba wangu akajibu papo hapo, "Hakufa, mzee, alizimia. Daktari alimtibu, akapewa kwa shukrani."

"Nani alimpa, na mwenyewe amekufa?"

"Watoto wake."

"Hatukuonyeshwa watoto."

Wafugaji waliokaa nyuma wakasema huo ni wizi. Daktari alikuwa anakata watu vichwa, lakini kosa lake chumbani mle likawa ng'ombe. Nilimjua baba: mtu mwenye majibu ya haraka hampi hata ndama kuchunga, sembuse binti.

Hadithi ya tatu ikaanza na jeneza juu ya mkokoteni. Mkokoteni ulivutwa na ng'ombe mweusi, baka begani, pembe imeinama. Chumba kizima kikamgeukia baba. Kwenye televisheni jini lilikuwa linapiga kelele peke yake.

"Ero. Na hapa?"

Nilimwona mchumba akifungua mdomo, nikamkazia lile jicho ninalowakazia wanaokimbia sindano. Akaufunga. Kisha akasema polepole, "Mzee, kwa kweli sijui. Nafikiri waliotengeneza walikuwa na ng'ombe mmoja tu."

"Watu wote wale?"

"Wote, mzee."

Baba akaketi. "Maskini," alisema, na wafugaji wakatikisa vichwa kwa huruma. Hadi mkanda unaisha hakuna aliyecheka tena.

Nje watu walibishana ni ipi iliyotisha zaidi. Baba alisema ni ya tatu, kwa sababu ng'ombe yule amechoka na bado wanamfanyisha kazi. Uvumilivu ukanishinda.

"Baba, na huyu kijana?" nilimuuliza. Nilikuwa karibu kulia.

"Mle ndani nimeona vijana wawili," alisema. "Mmoja alinijibu kabla hajafikiri. Huyo abaki hapa hapa Karatu. Yule aliyesema hajui, mwambie aje Malambo."

Akaweka sawa shuka lake la lubega begani, akaanza kurudi mnadani. Hatua chache mbele akageuka.

"Ila asije na ng'ombe mmoja."